Masizi ya Siku ya Tatu

Kuna sifa moja ya SMG ambayo hata mtu asiyewahi kuishika anaijua: eti haihitaji kusafishwa. Utaisikia kijiweni, utaisikia kwenye basi, utaikuta kwenye filamu. Izike kwenye tope mwaka mzima, ifukue, ikung'ute, itapiga. Ni sifa ya aina ile tunayompa punda, kwamba hachoki. Na ukichunguza, anayesema punda hachoki mara nyingi si yule anayemshusha mizigo jioni.

Mimi nimekulia Rugu, wilayani Karagwe, kwenye nyumba yenye mtu mmoja anayeichukia sifa hiyo kuliko tusi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mgambo mwaka 1978, akachukuliwa vitani, akavuka mpaka kuingia Uganda, akarudi mzima. Vita hakutusimulia. Watoto wa jirani walikuwa na wazee waliosimulia mizinga na vifaru mpaka chai inapoa. Sisi tulikuwa na mjomba aliyesimulia masizi. Yaani masizi kama haya ya kwenye sufuria, ila ya kwenye bunduki. Yanakaa wapi, yanatolewaje, na ukiyaacha yanakufanyia nini.

Ndugu walisema anakwepa. Mimi sikubaliani nao, na nataka kueleza kwa nini. Lakini kwanza tuyaelewe masizi yenyewe, maana bila hayo hutamwelewa mjomba.

Risasi moja ya SMG ina baruti isiyofika gramu 2, nyuma ya kichwa chenye uzito wa gramu 8 hivi. Ukifyatua, baruti inaungua na kugeuka gesi yenye joto kali, nayo inakisukuma kichwa mpaka kinatoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Kabla hakijatoka, kinapita tundu dogo lililotobolewa upande wa juu wa mtutu. Sehemu ndogo ya gesi inachepukia humo, inaingia kwenye chumba chake na kugonga kichwa cha pistoni. Pistoni inarudi nyuma pamoja na bolti, ganda linatupwa nje, kisha springi inasukuma kila kitu mbele na risasi nyingine inaingia. Kwa lugha ya nyumbani: bunduki hii inafanya kazi kwa moshi wake yenyewe.

Na moshi ni moshi. Baruti ya siku hizi inaitwa isiyo na moshi, lakini hilo ni jina la heshima tu, kwa kuilinganisha na ile nyeusi ya zamani. Gesi inayoingia kwenye chumba cha pistoni imebeba kaboni ambayo haikuungua ikaisha, na chembe za madini zilizokwanguliwa na joto. Ikigusa chuma kisicho na joto kama lake, inaacha mzigo pale pale. Ukiingia jiko la kuni, tazama juu: nyasi za paa zimekuwa nyeusi na zinang'aa kama zimepakwa lami. Hakuna aliyezipaka. Ni mafiga matatu na miaka. Kichwa cha pistoni kinapata rangi ile ile, ila kwake haihitaji miaka, inahitaji asubuhi moja.

Sasa, sifa ile ina mzizi wa kweli, tuseme haki. Kuna bunduki zisizo na pistoni ya namna hii, M16 ya Wamarekani ikiwa mfano mkubwa. Yenyewe inapitisha gesi kwenye mrija mpaka ndani ya kibebeo cha bolti, kwa hiyo uchafu unatua pale pale panapofanya kazi. Vietnam, kwenye miaka ya 1966 na 1967, bunduki hizo zilikwama vibaya. Aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa, ikaleta uchafu zaidi. Vyumba vya risasi havikuwa na kromu ya kuzuia kutu. Na askari wengi walipewa bunduki bila vifaa vya kusafishia, huku wakiaminishwa kwamba hii ni bunduki ya kisasa isiyotaka matunzo mengi. Barua zikafika kwa wabunge wao, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ikachunguza jambo hilo. Kwa hiyo uvumi wa bunduki isiyosafishwa umewahi kuaminiwa na jeshi tajiri kuliko yote, na waliolipa ni vijana waliokuwa mbele.

SMG iliepuka mengi ya hayo. Pistoni inauzuia uchafu mwingi ubaki mbele, mbali na bolti. Vifaa vyake vya ndani vimeachiana nafasi, vinacheza, na pistoni ni nzito. Inapita juu ya takataka kama lori linavyopita kwenye mashimo. Lakini gari linalovumilia mashimo si gari lisilotaka fundi. Mjomba alikuwa na neno lake: "SMG inasamehe. Anayesamehe siku moja anahesabu."

Yeye mwenyewe hakupewa SMG. Alipewa SAR. Majina haya mawili, kwa mpenzi wa lugha, yana hadithi yake. Zote mbili zilitufikia kwa wingi kutoka China, na China iliziita zote Aina ya 56, kwa mwaka 1956. Moja ni nakala ya bunduki ya Kalashnikov, ambayo Wachina waliiweka kwenye kundi la rashasha ndogo. Nyingine ni nakala ya bunduki ya Simonov, wakaiweka kwenye kundi la bunduki zinazojipakia zenyewe lakini hupiga risasi moja moja. Geuza makundi hayo mawili kwa Kiingereza, chukua herufi za mwanzo, utapata SMG na SAR. Ndiyo maana, nadhani, taarifa za habari za Tanzania husema SMG mahali ambapo dunia nzima inasema AK-47. Tunatamka orodha ya ghala la Wachina bila kujua.

Pistoni ya SAR haikuungana na bolti. Ni fupi, inapigwa na gesi, inagonga fimbo, fimbo inagonga kibebeo cha bolti, kisha pistoni inarudi mahali pake. Ni mashine nzuri. Lakini pistoni inakaa ndani ya mrija wake kwa kubana, na masizi yakigandamana humo, au kutu ikaanza, inakuwa nzito, mwisho inagoma. Ikigoma bunduki haifi. Inapiga, ila haijipakii. Kila risasi inabidi uvute bolti kwa mkono. "Unakuwa umerudi wakati wa babu," mjomba alisema, "wakati mwenzako yuko wakati wake."

Halafu kuna chumvi. Hili ndilo lililomfanya mjomba ainue sauti. Risasi nyingi za Kirusi na za Kichina za enzi zile zilikuwa na fataki yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka inaacha chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, na chumvi inavuta maji hewani. Mtutu wa ndani kwa kawaida ulipakwa kromu, lakini mrija wa gesi haukupewa bahati hiyo. Kwetu Karagwe mvua zina misimu miwili na ukungu wa asubuhi hauna msimu. Mtu akipiga risasi tano, akafuta kwa mafuta, akaridhika, amepaka mafuta juu ya chumvi. Chini yake kutu inaendelea na kazi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Kwa hiyo: maji ya moto kwanza, na sabuni ikiwepo, kausha mpaka kikauke kweli, ndipo mafuta, kidogo. Na pistoni na mrija wake uviache vikavu wakati wa kazi, maana mafuta ya pale yataungua na kuwa masizi mapya, magumu kuliko ya kwanza. Ukiongeza na vumbi letu jekundu, umepata msasa.

Maji ya moto hakufundishwa jeshini. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Baba yake alikuwa na gobole, kama wawindaji wengi wa upande ule enzi hizo, lenye kushindiliwa baruti nyeusi kwa mdomo wa mtutu. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi. Inabaki moshi mzito na uji mweusi unaonata. Mtutu wa gobole usipooshwa usiku ule ule, asubuhi umeanza kuliwa. Waliuosha kwa maji yaliyochemshwa kwenye chungu kile kile cha ndizi, na bibi yangu, kwa maelezo ya mjomba, hakuwahi kulizoea jambo hilo.

Na tukirudi nyuma zaidi, Karagwe tunayo bunduki iliyoingia kwenye vitabu. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Stanley alipopita mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme: sanamu za ng'ombe za chuma na shaba, mikuki, kazi za wahunzi wa nchi hii waliojua chuma kabla mgeni yeyote hajaleta chake. Humo akaikuta bunduki yenye silinda ya kuzunguka, zawadi ya Speke. Ilikuwa imekaa kama miaka 15, katika nchi ya ukungu. Speke ametajwa, Rumanyika ametajwa, Stanley aliyeiona ametajwa. Mimi najiuliza juu ya mtu wa nne, aliyepewa kitambaa na kuambiwa hii isishike kutu. Kama alikuwepo, hakuandikwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera. Mkoa wetu ulikuwa ungali unaitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita. Jeshi likakusanya vijana na mgambo kutoka kila pembe ya nchi. Januari 1979 Mutukula ikatekwa, na vikosi vilivyoongozwa na Silas Mayunga vikaelekea Mbarara, mji ulioanguka mwishoni mwa Februari. Kampala ilifuata Aprili 11. Mjomba alikuwa njia ya Mbarara. Hayo niliyoyataja hapa nimeyatoa vitabuni. Kwake yeye nilipata sentensi moja: "Kulikuwa na mvua, na mvua si rafiki wa SAR."

Nilipokuwa mtoto, miaka ya mwanzo ya 2000, bunduki zilikuwa bado na nafasi yake kwenye safari zetu. Mwaka 1994 vita vya Rwanda vilisukuma watu zaidi ya 200,000 kuvuka Rusumo kwa siku moja na kidogo, na katika misukosuko ya miaka ile silaha nazo zilivuka mipaka. Walioteseka kwanza ni hao hao wakimbizi. Baadaye ukaja ujambazi wa misituni. Barabara ya kutoka Karagwe kwenda Ngara inapita pori la Kimisi, na basi likikaribia pori, wanapanda askari wawili. Mmoja anakaa mbele na SMG mapajani. Abiria wanaanza kusali, wengine wanajifanya wamelala. Mjomba yeye alikuwa akihama kiti. Alitafuta pa kukaa nyuma ya askari, akainama kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, akatazama sehemu ile ya juu ya mtutu ambako mrija wa gesi unaungana. Kisha anarudi kwetu, anasema kwa sauti ya chini: "Kavu. Tutafika." Nikalala usingizi wa kweli. Ndipo nilipojua, kwa akili ya kitoto, kwamba usafi ule si unadhifu. Ni kama breki za basi.

Mwaka 2014, baada ya kidato cha sita, nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Tulipotoka kwenye shabaha, tulikalishwa chini, kila mtu na SMG yake. Ondoa magazini, hakikisha chumba ni tupu, hakikisha tena. Fungua kifuniko cha juu, toa springi, vuta kibebeo cha bolti, na pistoni inakuja nacho kwa sababu vimeungana. Toa bolti. Fungua mrija wa gesi. Ndani ya kitako kuna kikopo chembamba cha vifaa. Fimbo ya kusafishia imelala chini ya mtutu. Ni sehemu chache, msichana yeyote aliyewahi kusugua masufuria ya msiba anaziweza. Kichwa cha pistoni kilikuwa kimevaa gamba gumu, jeusi, na tulilikwangua kwa kijiti, si kwa mchanga wala kisu, maana mkwaruzo wa leo ni nyumba ya masizi ya kesho.

Tukamaliza. Vitambaa vikatoka vyeupe. Kesho yake tukaambiwa tusafishe tena. Wenzangu wakanung'unika kwamba hii ni adhabu tu. Tukapitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu ambao jana ulikuwa safi, kikatoka na rangi ya kijivu. Siku ya tatu, kijivu tena, hafifu. Afande hakueleza. Baadaye niligundua kwamba mwongozo wa Kirusi wa bunduki hizi unasema hivyo hivyo: safisha mara tu baada ya kupiga, kisha kila siku kwa siku 3 au 4. Chuma kilichopigwa kinabaki na vitu kwenye mikwaruzo na pembe zake ambavyo havitoki siku ya kwanza, hata uwe hodari namna gani. Vinatoka vyenyewe, polepole, vikitaka.

Niliporudi Rugu nilimsalimia mjomba, "Shikamoo mjomba," akaitikia, akaniuliza walitupa nini kule. Nikamwambia habari ya kitambaa cha siku ya tatu. Alikuwa anatafuna kahawa. Akanyamaza. Kisha akaniambia hivi, na nayaandika kwa idhini yake.

Bunduki iliyofunguliwa si bunduki, alisema. Ni vyuma juu ya shati. Kwa hiyo mlisafisha wawili wawili: mmoja anafungua, mwenzake anakaa lindo, akimaliza mnabadilishana. Mwenzake alikuwa kijana wa Dodoma, Mgogo, aliyemfundisha mjomba utani na kumwita mtani mpaka mwisho. Jioni moja mvua ilikuwa imekatika. SAR ya mjomba ilikuwa imefunguliwa, pistoni iko mkononi mwake, anaifuta. Majani yakatikisika. Yule mtani akaita mara moja, hapakuwa na jibu. Akafyatua mara mbili.

"Mimi nilikuwa na kipistoni mkononi, mama," aliniambia, kwa namna anayoniita akiwa mpole. "Kidogo hivi. Kama kidole."

Nikamuuliza walikuta nini kwenye majani.

Akasema: "Usiku ule nilisafisha zote mbili. Yeye mikono ilikuwa haishiki. Kesho yake nikasafisha zote mbili. Na siku ya tatu."

Sikuuliza tena, naye hakuongeza. Aliendelea na mambo ya chumvi na maji ya moto, kama kawaida yake, na safari hii niliyasikia yote kama maelezo ya jioni ile. Kila alichotufundisha tangu tukiwa wadogo, mrija uwe mkavu, kijiti kisiwe chuma, usiamini kitambaa cha siku ya kwanza, kilikuwa kimetoka pale. Alikuwa akitusimulia vita miaka yote. Alitusimulia kuanzia dakika iliyofuata baada ya mlio, kwa sababu dakika ya mlio yenyewe ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakurudi kuitolea ruhusa.

Vita vya Kagera havikukosa waandishi. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa utenzi mzima juu ya vita hivyo na anguko la Amin. Kule Kaboya, Muleba, wapo waliolala chini ya mawe yenye majina yao. Tarehe za kuteka miji tunazo, na ni vizuri tunazo. Lakini ukimsikiliza sana mtu kama mjomba unaona kwamba sehemu kubwa ya vita ni kazi za mikono: kuchota maji, kuyachemsha kwenye kopo, kukausha, kukwangua, kulinda anayekwangua. Sifa ya bunduki isiyosafishwa inafuta kazi hiyo yote, na ikiifuta kazi inamfuta na mtu aliyeifanya. Inatuachia mashine jasiri inayojiendea yenyewe, ambayo hakuna jioni iliyomtetemesha mtu kwa ajili yake.

Waliokuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1978, leo wengi wamefika sabini au wameipita. Mjomba bado yupo, anasikia kwa sikio moja. Nawe kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, na kila ukimuuliza vita anakueleza viatu, au unga, au namna ya kukausha kitambaa bila jua, tafadhali usimkatize ili umrudishe kwenye mapigano. Muulize kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Muulize nani alikuwa lindo wakati yeye anafuta.